Woga wa wahami hauponywi kwa neno "sahau"

BUTEMBO – Radi ya kwanza ikipiga juu ya vilima, watoto wengi wa mji huendelea na mchezo wao. Wachache hawaendelei. Wanaingia chini ya kitanda, au wanamshika mama nguo, au wanasimama tu wima kama mti, macho wazi, bila kulia. Majirani wanajua hao wametoka wapi: Eringeti, Oicha, Mbau, vijiji vya barabara ya Kamango. Na tangu Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, wengine wametoka upande wa kusini wa Lubero. Watu wazima nao wana yao. Kuna baba asiyeweza kuketi akiupa mlango mgongo. Kuna mama anayeuza sombe: pikipiki ikilia kama risasi, anaacha kila kitu chini na kujikuta mbali, kisha anarudi polepole kwa aibu, na watu wanacheka kidogo.

"Mama, sahau tu ile mambo. Mungu iko."

Neno hilo linasemwa kwa upendo, na katika Butembo na Beni linasemwa kila siku: mlangoni mwa familia zinazowapokea wahami, kanisani, hospitalini, hata kwenye redio. Ila ni shauri baya. Mtu hawezi kusahau kwa amri, kama vile hawezi kuliamuru jeraha lifunge. Na anayeambiwa asahau, akashindwa, anabeba sasa mizigo miwili: woga wenyewe, na haya ya kufikiri kwamba yeye ni dhaifu, ana imani haba, au amerogwa.

Kuna watu waliotumia maisha yao yote ya kazi kuuliza swali moja: woga unaingiaje mwilini, na kwa nini hautoki? Majibu yao yalianza na mbwa na panya huko mbali. Lakini sehemu kubwa ya yale yanayowahusu wahami ilipatikana karibu, Uganda na hapa mashariki mwa Congo, kwa watu wa Maziwa Makuu wenyewe. Si haki wakaaji wa Beni na Butembo wawe wa mwisho kuyasikia.

Tuanze na panya, kwa sababu bila panya mengine hayaeleweki. Joseph LeDoux ni mtoto wa mwenye bucha katika mji mdogo wa Louisiana, Marekani. Alipokuwa kijana, baba yake alimpa kazi ya kutafuta risasi ndani ya ubongo wa ng'ombe waliochinjwa, mteja asije akaitafuna. Baadaye akawa profesa New York, na kuanzia miaka ya 1980 alifanya jaribio ambalo kwa sura ni dogo sana. Panya anasikia mlio. Mara tu baada ya mlio, miguu yake inapigwa na umeme kidogo. Hilo likirudiwa mara chache, mlio peke yake unatosha: panya anaganda pale alipo, moyo unakimbia, presha inapanda, ijapo hakuna umeme wowote.

LeDoux alitaka kujua njia inayopitwa na woga huo. Akaharibu sehemu ya juu ya ubongo inayochambua sauti. Panya akaendelea kuogopa mlio. Akaharibu kituo cha chini zaidi, pale sauti inapopita kabla ya kufika juu. Sasa panya hakuweza tena kujifunza woga ule. Maana yake ni kwamba kuna njia ya mkato: habari ya hatari inafika kwenye kipande kidogo cha ubongo chenye umbo la lozi, kinachoitwa amigdala, bila kusubiri akili ifikiri. Njia ndefu, ile ya kufikiri, inafika nyuma. Ndiyo sababu yule mama wa sombe hujikuta amekwisha kukimbia kabla ya kujua kwamba ile ilikuwa pikipiki. Miguu yake ilipata habari kabla ya kichwa. Kumwambia "lakini ulijua ni pikipiki tu" ni kusema na sehemu ambayo haikuulizwa. (LeDoux mwenyewe, kwa kicheko, alianzisha bendi ya muziki na wanasayansi wenzake wakaiita jina linalotokana na hiyo amigdala. Mtu aliyeshinda na woga maisha yake yote anahitaji gitaa.)

Kila mmoja ana kengele yake. Kwa mmoja ni mbwa kubweka usiku. Kwa mwingine ni harufu ya nyasi za paa zinapoungua, au msimu wa kuvuna kakao, kwa kuwa ilikuwa ni wakati ule. Na mji mzima unaweza kufundishwa pamoja. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, hadi ilipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iligusa watu 3,470 na kuua 2,287. Katika miezi hiyo watu walijifunza kwamba gari jeupe likija, mtu anachukuliwa, na wengi hawarudi. Wakajifunza kuogopa hema, pampu ya dawa, hata koti jeupe. Woga huo ulichanganyika na siasa, uongo na hasira ya miaka, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Mkameruni, Richard Mouzoko, akauawa akiwa kazini Butembo, katika kliniki za chuo kikuu cha Graben. Hakuna anayeweza kusema mauaji hayo yaliletwa na woga peke yake. Lakini mama wengi walioacha kupeleka watoto hospitalini wakati ule hawakuwa wajinga, kama walivyoitwa. Walikuwa wamefundishwa na waliyoyaona.

Je, kilichofunzwa kinaweza kufunzuliwa? Mrusi Pavlov aliona zamani kwamba ukipiga kengele mara nyingi bila kitu kufuata, mbwa anaacha kuijali. Kwa panya ni hivyo hivyo: mlio ukija mara nyingi bila umeme, woga unapungua. Kwa muda watu wakafikiri basi umefutika. Mark Bouton, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Vermont, alionyesha kwamba haujafutika. Panya aliyetulizwa katika sanduku moja, ukimrudisha sanduku lingine, anaganda tena. Ukimwacha muda mrefu, woga unarudi wenyewe. Ukimpiga umeme mara moja tu, hata bila mlio, unarudi pia. Lile somo la zamani lipo. Juu yake limewekwa somo jipya linalosema "hapa ni salama". Na somo jipya limefungwa na mahali lilipofunzwa.

Hapo wahami wanapaswa kusikiliza vizuri, pamoja na wanaowapangia kurudi. Familia inakaa Butembo miaka miwili. Usingizi unarudi, watoto wanacheka, baba anasema amepona. Kisha wanaambiwa usalama umerudi kwao, kakao inaoza mashambani, warudi. Kufika bariere ya kwanza baada ya Mavivi, jasho linatoka, tumbo linakatika, mtoto anaanza kukojoa kitandani upya. Baba anajilaumu: "Kumbe sikupona." Alipona, ila alipona Butembo. Mwili wake ulijifunza kwamba Butembo ni salama. Habari za kijiji chake hazijabadilika. Mipango ya kurudisha wahami huhesabu mabati, majembe, mbegu na kilo za unga, na hilo ni jema. Haihesabu kabisa wiki za kwanza za usiku.

Ila panya hasimulii. Mtu anasimulia, na hapo ndipo kazi ya Mjerumani Thomas Elbert inapoingia. Elbert alikuwa profesa wa saikolojia ya tiba na wa sayansi ya ubongo na tabia katika Chuo Kikuu cha Konstanz, kusini kabisa mwa Ujerumani. Hakuanza na vita. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla na ala nyingine za nyuzi. Waliona kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na vidole vya mkono wa kushoto, ile inayobonyeza nyuzi, ilikuwa kubwa kuliko kwa watu wasiopiga ala, na zaidi kwa walioanza wangali wadogo. Mwaka huohuo, pamoja na Herta Flor, alionyesha jambo la uchungu kuhusu watu waliokatwa mkono: kadiri ramani ya ubongo ilivyopangika upya, ndivyo mkono ambao haupo ulivyozidi kuuma. Ubongo unajengwa na yale mtu anayofanya na yale anayofanyiwa.

Mtu aliyegundua hayo angeweza kubaki na wanamuziki wake, kando ya ziwa zuri, hadi pensheni. Yeye, Maggie Schauer na Frank Neuner waliuliza: kama fidla inajenga ubongo hivyo, vita inaujenga vipi? Wakaenda kambini. Imvepi, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa na wakimbizi wa Sudan. Nakivale, upande wa Mbarara, kulikuwa na Wanyarwanda na Wasomali. Wakaaji wengi wa Kivu ya Kaskazini wanaijua Nakivale. Kuna familia Beni zenye ndugu huko hadi leo.

Wazo lao linaweza kuelezwa bila digrii. Kumbukumbu ya kawaida ina mahali na tarehe: harusi ile ilikuwa Oicha, mwaka ule, mvua ilinyesha, mjomba alilewa. Hiyo wanaiita kumbukumbu ya baridi. Lakini katika hofu kubwa ubongo hushika vipande tu: sauti, harufu, damu, baridi ya panga, moyo kudunda, wazo "nakufa". Hiyo ni kumbukumbu ya moto. Vipande vimefungana vyenyewe kwa vyenyewe, na haviko mahali popote wala tarehe yoyote. Kwa hiyo kimoja kikiguswa, vyote vinawaka, na mtu haoni kwamba anakumbuka. Anaona kwamba inatokea sasa. Mtu wa Rwangoma akisikia kelele usiku hakumbuki tarehe 13 Agosti 2016. Yumo ndani yake.

Basi tiba waliyoitengeneza ni kuirudishia kumbukumbu hiyo mahali na tarehe. Mshauri anachukua kamba, anailaza chini. Hiyo ni maisha ya mtu, tangu kuzaliwa. Mtu anaweka ua pale palipokuwa na furaha, na jiwe pale palipokuwa na msiba, kila kimoja kwa wakati wake. Siku zinazofuata anasimulia maisha yake kwa mpangilio. Wakifika kwenye jiwe, mshauri hapiti haraka. Anauliza: ulikuwa wapi hasa? Uliona nini, ulisikia nini, mwili ulikuwaje, uliwaza nini? Na sasa hivi, hapa, mwili wako ukoje? Hawaachi katikati. Wanakaa hapo mpaka woga, ambao hupanda sana kwanza, ushuke wenyewe. Mshauri anaandika. Mara nyingine wakikutana, anamsomea aliyoyasema, naye anasahihisha na kuongeza. Mwishoni kunakuwa na hadithi nzima kwenye karatasi, yenye mwanzo, na yenye kuendelea baada ya jiwe.

Msomaji atauliza: kuchimba hivyo si kumuua mtu mara ya pili? Swali ni la haki, na linajibiwa kwa kuhesabu. Imvepi walikuwa wakimbizi 43 tu. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliosimulia kwa njia hiyo katika vikao vinne, asilimia 29 ndio waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79, na kati ya walioelezwa tu habari za kiwewe, 80. Nakivale walikuwa 277, na hapo hakukuwa na madaktari: washauri walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofundishwa wiki chache. Walipofuatiliwa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa huo. Miongoni mwa walioachwa wafuatiliwe tu, walikuwa 37.

Sasa ukweli wote usemwe, kwani watu wa hapa wamechoka kuuziwa dawa. Watafiti hawa walikuwa wanapima njia waliyoitengeneza wenyewe, na mtu anayepima unga wake mwenyewe huangaliwa mkono. Pia Nakivale kulikuwa na kundi la tatu, lililopewa ushauri mwingine wa kiwewe na washauri walewale, bila kulazimika kusimulia kila jiwe. Hao nao walifika asilimia 65. Karibu sawa! Na watatu katika kila kumi walibaki na ugonjwa hata baada ya tiba. Kamba na mawe, basi, si uganga. Pengine kinachofanya kazi kubwa zaidi ni mtu wa palepale, aliyefundishwa vizuri, anayerudi siku aliyosema atarudi, na asiyeogopa kusikia mpaka mwisho.

Mfano mwingine unaelekea hukohuko. Mwaka 2013 Judith Bass wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji vya mashariki mwa Congo, na akina mama waliobakwa. Ilikuwa tiba tofauti, ya kikundi: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha 11 vya pamoja. Walioiongoza walikuwa wasaidizi Wakongomani wenye masomo ya sekondari tu. Miezi sita baada ya kumaliza, asilimia 9 ya akina mama wa vikundi hivyo walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi wa kuugua. Kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, ni asilimia 42. Masomo ya sekondari tu: hilo lirudiwe mara mbili kwa wale wanaosema Beni haina wataalamu.

Watu huuliza pia: mbona ndugu wawili waliona usiku uleule, mmoja anaugua, mwingine analima? Huyo wa pili hana moyo mgumu zaidi. Katika Nakivale ilionekana kwamba mambo ya kutisha yanajumlishwa: aina za mabaya zinavyoongezeka, ndivyo watu wanavyozidi kuugua, mpaka juu kabisa ambapo karibu kila mtu anaugua. Na mwaka 2007 Dominique de Quervain wa Uswisi, akifanya kazi na kundi hilo la Konstanz, alionyesha kwamba tofauti ndogo ya kurithi inafanya baadhi ya watu washike kwa nguvu zaidi kumbukumbu zenye hisia kali. Aliiona kwa Waswisi waliotazama picha, akaiona kwa wakimbizi wa Rwanda waliookoka mauaji. Ni sawa na ngozi: jua moja, mmoja anababuka na mwingine hapana. Uchawi hauhitajiki katika hesabu hiyo.

Kazi ya Elbert iliyo ngumu zaidi kumeza kwa wakaaji wa Beni ni ile ya Goma. Huko yeye na wenzake walikaa na wapiganaji wa zamani wa makundi ya Kivu, wakawauliza. Baadhi walieleza kwamba vita, baada ya muda, vilikuwa na utamu wake, na hilo lilikuwa na nguvu hasa kwa walioingizwa porini wangali watoto. Mwili uliojifunza woga unaweza pia kujifunza tamaa ya damu. Kwa hao walirekebisha tiba: katika kamba yao, pamoja na maua na mawe, kuna alama ya yale ambayo mtu mwenyewe aliwafanyia wengine, na anayasimulia hayo pia. Familia iliyozika watu wake ina haki ya kukasirika ikisikia kwamba aliyeshika panga anapewa mshauri. Hasira hiyo isijibiwe kwa mahubiri. Lakini kijana anayerudi kijijini na tamaa hiyo, bila mtu wa kumsikiliza, anarudi karibu na watoto wa nani?

Baada ya yote hayo, tazama kinachofanyika mjini. Mashirika ya kiutu yanakuja baada ya shambulio. Kuna kikao kimoja cha watu hamsini chini ya turubai, kuna juisi na biskuti, kuna karatasi ya kutia sahihi kwa ajili ya ripoti. Tafiti za nchi nyingine zilikwisha kuonyesha kwamba kikao kimoja cha kueleza yote, mara tu baada ya tukio, hakizuii ugonjwa. Wahami wanaulizwa na shirika la kwanza, na la pili, na la tatu: waliuawa wangapi, ulibakwa, ulikimbia lini? Kila mara wanafunguliwa jeraha, na kila mara anayeuliza anaondoka linapoanza kutoa damu. Mikataba ya wasaidizi ni ya miezi mitatu, sita. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, ilionekana wazi ni kitu gani kilichokuwa kimejengwa na kitu gani kilikuwa kimekodishwa tu.

Redio nazo zisijitoe. Asubuhi ya mazishi, mikro inawekwa mdomoni mwa mjane. "Mama, tueleze, walifanyaje?" Dakika moja na nusu, machozi yanasikika, habari ni nzuri, muziki unaingia. Huyo mama ameguswa penye moto na kuachwa hapo. Wala hakuna aliyerudi wiki iliyofuata. Kituo kinachojiita cha wakaaji kingeweza kupanga kanuni rahisi: wiki ya kwanza azungumze shefu wa mtaa, au mtu wa shirika la raia, aliyeokoka azungumze akitaka yeye, akiwa na mtu wake, na mwandishi asimkate kabla hajafika mahali ambapo hadithi inatoka msituni na kufika barabarani. Hilo halihitaji mfadhili.

Makanisa yana mlango ambao hakuna shirika lililo nao, kwani ndiko mtu anakoenda kwanza. Wimbo na sala vinatuliza, na kumkalia mtu kilioni ni tiba kabla ya tiba. Shida ni pale mchungaji anapoita woga pepo, na mtu anafungwa kwenye chumba cha sala siku kumi bila kula vizuri. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, watu wakiwa ibadani. Walioona lile, kanisa lenyewe ndilo kengele yao. Anayekaa nje ya mlango Jumapili, akisikiliza kwa mbali, hajaasi.

Na kuna kitu ambacho watu wa maabara hawapaswi kukisahau wanapozungumza na Beni: huku umeme haujazimwa. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 hayajawa historia. Mama wa karibu na Mbau asiyelala fofofo usiku si mgonjwa. Ana habari. Woga wake ni mlinzi mzuri na hakuna mshauri mwenye akili atakayetaka kumwondoa. Kinachotafutwa ni mlinzi huyo aweze kutofautisha: radi ni radi, pikipiki ni pikipiki, ile ilikuwa Agosti na leo ni leo. Mlinzi anayepiga kengele kwa kila kitu anafanya watu wakose kusikia ile ya kweli.

Kwa hiyo ombi kwa wenye mamlaka na mashirika ni dogo kuliko wanavyofikiri. Butembo ina vyuo vikuu, ina vyuo vya wauguzi, ina mamia ya vijana wenye diploma ya serikali wanaoshinda kwenye vijiwe vya moto. Wahami wenyewe wamo walimu. Wachaguliwe watu kumi Oicha, kumi Beni, kumi katika mitaa ya Butembo inayopokea wahami zaidi, wafundishwe wiki sita badala ya siku mbili, walipwe kidogo lakini kila mwezi, na awepo mtu mmoja mwenye ujuzi wa kukaa nao kila wiki, maana anayesikia mawe ya wengine naye huanza kukosa usingizi. Wagonjwa waliozidiwa kabisa wapelekwe hospitali za akili, na kwa hao dawa zisikosekane. Nakivale ilifanya hivyo kwa wakimbizi, chini ya mahema, zaidi ya miaka 15 iliyopita.

Siku ya mwisho ya tiba ile ya kamba, hadithi yote inasomwa kwa sauti, toka ua la kwanza. Mwenyewe anatia sahihi na kupewa karatasi zake. Wengine wanazitunza kwa ajili ya watoto watakapokua. Wengine wanakubali zitumike kama ushahidi, majina yakiwa yamefichwa. Katika Beni idadi ya waliouawa inagombaniwa baada ya kila shambulio, jeshi likisema yake na shirika la raia likisema yake. Karatasi kama hizo, zilizosemwa polepole na kusahihishwa na waliokuwa pale, ni chache mno huku.